Magurudumu ya Kumpakia Mama Mkwe

Mama yangu,

Shikamoo. Barua hii ichukulie kama mimi mwenyewe nimepiga magoti mbele yako, maana miguu yangu iko huku Bwera na haiwezi kufika Tabora kwa leo. Kifua chako kinasemaje? Kile kikohozi cha vumbi kimekuachia, au bado kinakuamsha? Na ukuta wa jikoni je, umekandikwa, au mnangoja mvua iuangushe ndipo muanze kukimbizana? Zuhura mdogo wangu, najua ni wewe unayesoma. Soma taratibu, usiruke mahali, na usianze kucheka kabla mama hajaelewa. Mimi ni mzima. Nansubuga mke wangu ni mzima pia, isipokuwa magoti yake yamejaa makovu, na sababu yake utaisikia huko mbele.

Sasa nakuja kwenye lile neno lako. Umemwambia Zuhura aniandikie kwamba wenzangu wa zamani wa reli waliopita huko wamekusimulia kuwa mwanao ameitoa redio yake kwa ajili ya mama mkwe, na ukauliza kama nimepata mama mwingine huku Uganda. Mama, neno hilo nililisoma nimesimama, nikakaa chini. Liliniuma. Lakini sikukasirika, kwa kuwa umeletewa kipande cha habari, na kipande kimoja ndicho kinachochoma roho. Nitakupa yote, halafu uhukumu mwenyewe.

Unajua mke wangu ni Muganda. Wazazi wake walihamia huku zamani kulima kahawa, baba akafariki, mama akabaki kwenye shamba lao kilimani, njia ya Kyondo. Sisi tunakaa huku chini mjini kwa sababu nalinda ghala la kahawa. Basi kwa Waganda, mume wa binti na mama mkwe hawagusani kabisa. Si mkono tu, hata ncha ya nguo. Kulala nyumba moja ndiyo usitaje. Wanasema mkigusana mtashikwa na ugonjwa wa kutetemeka maisha yenu yote. Kwetu pia tunamheshimu mkwe, lakini hawa wenzetu wamezidi! Miaka yote hii nimezungumza na mama huyu yeye akiwa nyuma ya mlango na mimi uani, kama watu wanaouziana tiketi dirishani. Na bado tunapendana. Kila nikienda nakuta mkungu wa ndizi umewekwa njiani, na hakuna anayesema ni wa nani.

Mwanzo wa mvua alijikata mguu kwa jembe. Kidonda kikakataa kupona, kikaanza kunuka. Daktari wa hospitali ya misheni, iliyo huku chini barabarani, hakuzunguka. Alisema aletwe mara mbili kila wiki, asafishwe na achomwe sindano, tena asikose, la sivyo mguu utakatwa. Hivyo ndivyo alivyomwambia Nansubuga, na Nansubuga alirudi nyumbani akapika ugali bila kutia moto jikoni. Alikuwa anakoroga maji baridi, mama.

Utasema si mpande gari. Gari gani? Petroli huku siku hizi ni hadithi, na madukani tangu Wahindi wenye maduka wafukuzwe utakuta kiberiti na mwenye duka mpya aliyevaa miwani. Mara ya kwanza majirani Wakonzo, wenyeji wa milima hii, walimteremsha kwa machela, wanapokezana, wanaimba njia nzima, Mungu awazidishie. Lakini huwezi kukiita kilima kizima kila wiki, tena msimu wa kuchuma. Ikabaki baiskeli yangu, ile nyeusi ya Kiingereza niliyopiga nayo picha, isiyo na gia, yenye breki za fimbo za chuma. Mimi mwenyewe siwezi kumpakia, maana ukikaa kwenye keria lazima umguse anayeendesha. Nikamwomba Bwambale, jirani yao, mtu mzima mwenye nguvu. Nami nikafuata kwa miguu, mbali kidogo, kama inavyotakiwa.

Wakafika kwenye mteremko wa mawe. Nikasikia mlio kama mtu amevunja kuni kwa goti. Rimu ya nyuma, ambayo kutu ilikuwa imeila kimya kimya, ilijikunja. Bwambale huko, baiskeli huku, na mama mkwe chini katikati ya barabara, kitambaa cha kidonda kimefunguka, damu inachuruzika. Nilikimbia. Haki ya Mungu nilikimbia nikiwa nimenyoosha mikono. Naye akiwa pale chini, uso umejaa vumbi, akainua kiganja: "Mkwe, usinisogelee!" Nikasimama. Mama, nimebeba magunia ya watu tangu ujana wangu, na siku ile nilimtazama mama mzima amelala njiani nikashindwa kumwinua. Nikageuka upande wa migomba nikalia. Sioni aibu kukuambia.

Bwambale, wanaume wapita njia na wanawake waliokuwa shambani walimrudisha kwake. Jioni akatuma neno kwa Nansubuga: hatapanda tena nyuma ya mwanamume yeyote awe nani, maana hata pale alipoanguka walimshika wanaume asiowajua, na hilo lilimuuma kuliko kidonda. Kama binti yake atampakia mwenyewe, atakwenda. Asipompakia, basi mguu na uoze na yeye nyuma yake. Na Nansubuga, tangu azaliwe, alikuwa hajawahi hata kuikalia baiskeli.

Nikamwambia mke wangu, "Wewe utajifunza kuendesha. Mimi nitatafuta magurudumu." Akaniuliza wapi. Nikasema hata kama ni kuyachimba ardhini. Tangu saa ile sikuwa na jambo lingine kichwani.

Nilidandia lori la kahawa mpaka Kasese. Nikaingia duka kwa duka, mpaka watu wakaanza kunijua: yule wa magurudumu anakuja tena. Nikapata rimu moja tu, haina spoki, tena ya gurudumu la mbele. Nikageuza, nikashuka mpakani Mpondwe. Kule kuna mfanyabiashara wa Kikongo kutoka Butembo, Papa Kambale, Mkatoliki wa rozari shingoni, anayeweza kukuuzia chochote isipokuwa mama yake. Akanitolea jozi ya magurudumu yanayong'aa mpaka nikajiona ndevu.

"Papa, ona! Iko mupya," akasema. "Iko nangaa sawa sahani ya misa."

"Kipimo je? Yangu ni ishirini na nane."

"Hii pia iko makumi mbili na mnane. Velo ni velo, papa." Velo kwao ni baiskeli.

Hayakuwa na matairi, lakini tairi langu la mbele lilikuwa zima, na la nyuma lingeshonwa. Nikamletea mbuzi wangu wawili kutoka nyumbani, nikayabeba magurudumu begani mpaka Bwera huku watu wananipigia makofi. Ujinga mtupu! Lakini wakati ule nilijiona bwana harusi.

Huku Bwera fundi wa baiskeli ni Mbusa, Mkonzo, mwembamba, mwenye maneno mengi kuliko spana. Akalitia tairi kwenye rimu mpya kwa vidole tu, bila chuma cha kusukumia. "Unaona?" akanicheka. "Zingine inaingia kwa kupigana. Hii imeingia yenyewe. Iko bahati yako." Mimi nami nikacheka. Akatia pampu. Mpira wa ndani ukachungulia pembeni, tukauangalia wote wawili kama mbuzi, halafu ukalia paa! Mwanamke aliyekuwa anauza nyanya jirani akaanguka na stuli yake.

Kumbe wakubwa wale waliotutawala, Waingereza upande huu na Wabeleji upande wa pili, kila mmoja alileta baiskeli za kwao, na ishirini na nane ya huku si ishirini na nane ya kule. Nambari iliyopigwa muhuri ni ile ile, lakini rimu ya kule ni ndogo kwa unene wa kidole gumba. Mtu wa Tabora hawezi kufanya kosa hili, maana Tabora haina ng'ambo. Sisi wa mpakani tunalifanya kila siku. Lakini Mbusa hakutaka kushindwa, wala mimi. Tukauziba ule mpira, tukakata vipande vya tairi kuukuu, tukavizungusha ndani kujaza ile nafasi, tukapiga pampu nusu, likakaa. Nansubuga alikuwa anajifunza kwa baiskeli ya kuazima, akaja kulijaribu.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Breki za baiskeli yangu hazibani ubavuni. Zinavutwa juu na fimbo, zikabana rimu kwa ndani, upande ule spoki zinakotokea. Kwa hiyo rimu lazima iwe bapa kwa ndani. Rimu ya Kambale kwa ndani ilikuwa imechongoka. Hatukuangalia! Fundi mzima na mwenye baiskeli mzima, hatukuangalia. Nansubuga akaanza mteremko mdogo wa nyuma ya ghala, akavuta breki, breki ikashika hewa. Nilimsikia anaita jina langu lote, na la baba yangu, na la ukoo, halafu akaingia kwenye matuta ya viazi ya watu. Hapo ndipo magoti yake yalipopata yale makovu. Akasimama, akajifuta udongo, akanitazama.

"Angekuwa mama nyuma yangu," akasema, "leo tungekuwa tunazika."

Niliyafungua magurudumu yale saa ile ile, nikarudi Mpondwe nimeyabeba, na safari hii hakuna aliyepiga makofi. Nilikuwa nimekasirika vibaya. Papa Kambale aliponiona akaweka chini kikombe chake cha chai.

"Hapana kasirika, papa. Roue, gurudumu, iko muzuri. Velo yako ndiyo iko ya Waingereza."

"Mimi nina mama wa watu kilimani mguu unaoza! Nipe gurudumu linaloshika breki."

Nikamweleza yote. Aliposikia habari ya mama mkwe kuinua kiganja, akashika rozari yake. Yeye mwenyewe alikimbia vita kwao na mama yake mgongoni, akaniambia. Akanipeleka nyuma ya nyumba. Chini ya majani ya migomba alikuwa na baiskeli ya Kiingereza iliyovunjika shingo, magurudumu yake meusi, mazito, rimu bapa kwa ndani, spoki thelathini na mbili mbele, arobaini nyuma. Matairi mawili ya namna mbili: moja jipya, jembamba, zuri kwa macho, jingine kuukuu, nene, lenye kiraka ubavuni. Akaniambia nichague: au yale yanayong'aa pamoja na matairi ya kipimo chake atakayonitafutia na nitafute breki nyingine mahali pengine, au haya meusi. Nikachagua haya meusi. Kwa nyuma nikachukua lile tairi nene lenye kiraka, kwa mbele lile jipya, kwa kuwa mzigo wote uko nyuma na mawe ya Kyondo hayana haya na uzuri. Kambale akasema haya yeye hawezi kuyaachia kwa mbuzi, maana mtu wa Beni amekwisha kuyaagiza. Akaangalia redio iliyokuwa inaning'inia begani kwangu.

Ndiyo hiyo, mama. Redio niliyokuwa nasikilizia kwetu, ambayo jioni ikinitolea Kiswahili cha nyumbani nilikuwa nafumba macho naona mwembe wa msikitini. Niliifungua, nikasikiliza kidogo, nikaifunga, nikampa. Sikurudi nyuma wala sijutii.

Mbusa naye safari hii alikuwa mtu mwingine. Alifungua kila kitu, akaosha gololi kwa mafuta ya taa, akatia grisi, akakaza spoki moja moja huku ameushika msumari karibu na rimu, gurudumu likizunguka na kuugusa anazilegeza spoki huku, anazikaza kule, mpaka likawa linapita bila kugusa. Ndani ya lile tairi nene akalaza kipande cha tairi lingine mahali pa kiraka. Kuliingiza kwenye rimu tulipigana nalo kweli kweli, vyuma viwili, jasho linatutoka, na kila lilipokataa mimi nilizidi kufurahi. Halafu tukapakia gunia la kahawa, zito kuliko mama mkwe, Mbusa akaliteremsha kilima kizima na kusimama mara kwa mara. Baiskeli ilisimama kila aliposema isimame. Mwisho nikayapaka magurudumu masizi na mafuta kwa nje, yasing'ae hata kidogo.

Nansubuga alijifunza kila alfajiri nyuma ya ghala. Suruali kwa wanawake huku imepigwa marufuku na serikali, basi alivaa kaptula yangu ya kaki chini ya gauni, akalifunga gauni kiunoni. Wanawake wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Alipoanza kumpakia muuza nyanya na kumzungusha mjini, wakaacha kucheka wakaanza kupanga foleni.

Siku ya kwanza nilisimama chini ya kilima, mbali, roho iko mkononi. Nikawaona wanakuja. Mama mkwe amefumba macho, amemkumbatia binti yake kiunoni kwa nguvu, mguu mbaya umening'inizwa kwenye kitambaa kama mtoto. Pale kwenye mawe breki zikalia kwiii, baiskeli ikapungua, ikapita. Nikawafuata nyuma mbio.

Barabarani askari walikuwa wameweka kizuizi, kwa kuwa magendo ya vipuri kutoka Kongo yalikuwa yamezidi. Mmoja akainua bunduki.

"Simama! Shuka wote!"

"Afande, mama hawezi kushuka. Mguu," akasema Nansubuga.

"Baiskeli ya nani?"

"Ya bwana yangu."

"Bwana iko wapi?"

Akanionyesha. Yule askari akaniita kwa kidole. "Wewe! Kuja hapa! Mbio!" Nikakimbia, nikafika hatua chache, nikasimama. Pale njia ilikuwa nyembamba, kando ya ukuta wa mifuko ya mchanga, na ningelazimika kupita nikimgusa mama mkwe. "Nimesema kuja!" Nikamwambia, "Afande, siwezi kusogea. Huyo ni mama mkwe wangu." Kumkatalia askari siku hizi, mama, usiniulize. Nilimwona Nansubuga amefumba macho.

Askari akanitazama, akamtazama mama mkwe, akanitazama tena. "Mama ya bibi yako?"

"Ndiyo, afande."

Akashusha bunduki. "Hata kwetu iko namna hiyo. Wewe pita kule kwa majani." Halafu akalipiga teke tairi la nyuma, akainama akagusa rimu, akajipaka masizi kidoleni, akajifuta kwenye suruali kwa hasira. "Hii takataka. Nani nataka kuiba hii? Enda!"

Nilipita majanini nikicheka peke yangu kama mwendawazimu. Yale yanayong'aa yangebaki pale pale kizuizini, na mguu wa mtu nao.

Hawakukosa hata siku moja. Mvua ikinyesha, Nansubuga anafunga kamba kwenye tairi lisiteleze. Kupanda kilima wakati wa kurudi anasukuma kwa mkono, nami nasukuma kwa fimbo ndefu niliyoifunga nyuma ya keria, ndefu ya kutosha mimi na mama mkwe tusikaribiane. Watu wa Kyondo sasa wakituona wanaita, "Reli imefika!" Na juzi daktari amefungua kitambaa, akaangalia, akamwambia mama mkwe asirudi tena isipokuwa kumsalimia. Mguu unabaki. Zuhura, soma hapo mara ya pili.

Basi mama, hukumu. Sikupata mama mwingine. Mama ni wewe, na kila nilipomwona yule mama kwenye keria nilijiuliza ni nani angekupakia wewe, mimi nikiwa mbali hivi. Kaa ukijua kwamba baiskeli hii nikija nayo, keria yake ni yako.

Nisalimie kaka Hamisi, anayekutekea maji na hajivuni. Nisalimie shangazi aliyeninyoa siku ya jando, na mwambie kichwa bado kina alama. Nisalimie mwalimu wangu wa chuoni, na shemeji yangu fundi seremala, na watoto wote waliozaliwa nikiwa huku ambao wananijua kwa picha tu. Nansubuga anakupigia magoti. Kwa sasa goti moja, jingine bado linauma.

Barua hii anakuletea kwa mkono mwenzangu wa zamani wa reli, pamoja na kifurushi kidogo cha jani la mgomba. Usikitupe ukadhani ni uchafu. Ni buni za kutafuna; Waganda humpa mtu wanayemfanya ndugu. Mama mkwe aliniita uani, yeye nyuma ya mlango kama kawaida, akakisukuma kwa fimbo mpaka kikafika miguuni kwangu. Akasema, "Mkono wako siwezi kuushika, mkwe wangu. Basi mpelekee aliyekuzaa, niushike wake." Nikamuuliza nani aliyemchumia, maana Nansubuga alikuwa kazini kwake mjini. Akacheka mle ndani. Amezichuma mwenyewe, mama, amesimama kwa miguu yake yote miwili.

Ni mimi mwanao,
Mrisho